Mama kapimwa na mashine ya kushika mkononi, kaambiwa hana madini mwilini. Makopo matatu laki tatu na themanini. Tumepigwa au?

#1 Mwana wa Mvumi
Wadau, salaam. Wanaojua naomba mnisome vizuri. Wa utani nao karibuni, ila nisaidieni kwanza.

Mama yangu ana miaka 63, anaishi Mvumi, huku Dodoma. Sukari anayo mwaka wa tisa sasa, anameza metformini asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana analalamikia miguu: ganzi inaanzia vidoleni, usiku nyayo zinawaka moto, kandambili inavuka mguuni na yeye anaendelea kutembea hana habari. Halafu uchovu, akifagia uwanja lazima akae.

Wiki iliyopita alikuja kwangu Nkuhungu. Mimi nikiwa kazini akapita sehemu akakuta vijana wamevaa makoti meupe, wana kompyuta mpakato na kijichuma cha kushika mkononi. Kashika kama dakika moja, ikatoka karatasi ya kurasa kumi na mbili. Kalsiamu chini, zinki chini, seleniamu chini, magnesiamu chini, figo "zimeanza kuchoka", kizazi kina uvimbe. Wadau, kizazi alishatolewa 2009!

Ila alikuwa ameshalipa. Hela ya alizeti yote. Makopo matatu, Sh 380,000. Ameanza kumeza na mkojo umekuwa njano kali kama juisi ya embe. Muuzaji anasema hiyo ni sumu inatoka, aongeze dozi.

Maswali yangu: hivi virutubisho vinasaidia kweli au ni biashara tu? Na ile njano ni nini?

#2 Ukoko wa Ugali
Mmepigwa. Uzi ufungwe.

#3 Zabibu Mbichi
Usifungwe, nimeshaweka kambi. Mashine hiyo ilifika Kibaigwa siku ya mnada. Fundi redio mmoja akachukua kitambaa kibichi, akazungushia kile kijichuma, akakaa pembeni anakunywa soda. Karatasi ikatoka vilevile. Kitambaa kina upungufu wa vitamini E na mishipa ya moyo imeanza kuziba.

#4 Nesi wa Zamu
Mleta uzi, nianze na mkojo. Njano hiyo ni vitamini B2, riboflavini. Yenyewe ina rangi hiyo kiasili, mwili ukichukua unachohitaji kinachobaki figo zinakitoa. Si sumu. Kwa maneno mengine, sehemu ya hela ya alizeti mama anaikojoa.

Sasa hili ndilo kubwa. Umesema metformini miaka tisa. Dawa hiyo ni nzuri na asiiache, narudia ASIIACHE. Ila ikitumika muda mrefu inapunguza B12 kufyonzwa tumboni. Akiba ya B12 inakaa kwenye ini na inachukua miaka kuisha, ndiyo maana shida inakuja taratibu mtu asihusishe. Ikipungua unapata uchovu, damu kushuka, na ganzi ya miguu, yaani vilevile ulivyoandika. Tatizo ni kwamba sukari yenyewe nayo inaua mishipa ya fahamu na dalili zinafanana. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kuna kipimo cha damu cha B12, ombeni hicho.

Swali: mama anakula nini kwa wiki? Nyama, mayai, maziwa, dagaa?

#5 Mtu wa Bahi
Mbukwenyi. Mimi nawashangaa mnaoanza kuongea makopo. Bibi yangu kafa na miaka 91, meno yake yote, hajawahi kuona kidonge cha vitamini. Uwele, mtama, mlenda, maziwa ya mgando, ubuyu, basi. Ugonjwa wa siku hizi ni sembe nyeupe na soda. Mrudishe mama kwenye chakula chake.

#6 Kisasa Juu
#5 mkuu, bibi yako alizaliwa na ndugu wangapi na waliofika utu uzima ni wangapi? Tunawahesabu waliofika 90, waliozikwa wakiwa na miaka miwili kwa surua na kuhara hatuwahesabu. Bibi yangu mimi alizaa kumi, walibaki wanne. Na chakula kilikuwa hichohicho.

#7 Mwana wa Mvumi
Nesi, shukrani. Nyama ni sikukuu na misiba. Maziwa aliacha kwa sababu mtu alimwambia yanapandisha sukari. Mayai anauza. Chakula chake ni ugali wa uwele na mlenda, mchana na usiku.

#8 Mshauri wa Lishe Dom
Habarini. Mimi ni mshauri wa kujitegemea, niwatoe tongotongo. Udongo wa sasa umechoka. Mbolea za chumvichumvi zimeua madini, mboga mnayoiona ya kijani ni maji na rangi tu. Ndiyo maana wenzetu ulaya kila nyumba ina virutubisho. Mama yangu alikuwa haamki kitandani, leo analima. Mleta uzi mama asikatishe dozi, atakuwa amepoteza hela kweli. Kwa maelezo zaidi njoo inboksi.

#9 Ukoko wa Ugali
Nilijua atatokea. Nilikuwa nasubiri neno "inboksi" tu.

#10 Bwana Shamba Mstaafu
#8 umechanganya kweli na uongo ndani ya chungu kimoja, na huo ndio uongo unaouzika. Ni kweli udongo unatofautiana. Malawi kwa jirani zetu kuna maeneo seleniamu ni kidogo sana ardhini, mahindi yanakuwa hayana na watu wanakuwa hawana. Zinki nayo inapungua kwenye udongo wa sehemu nyingi. Lakini kusema mboga ni maji na rangi, hapana. Na mwananchi wa Mvumi mbolea ya chumvichumvi anaiona kwa jirani.

Shida ya mtama na uwele iko kwingine. Nafaka hizo zina madini ya chuma na zinki ya kutosha tu, ila pia zina kitu kinaitwa faiteti kinachoyashika yasifyonzwe. Wazee walikuwa na dawa yake bila kujua kemia: kuloweka, kuchachusha, kuotesha kimea. Mtama ukioteshwa au uji ukichachuka, faiteti inapungua na madini yanaachiwa. Togwa si starehe tu jamani. Siku hizi tunakoboa, tunasaga moja kwa moja, tunasonga. Tukikoboa tunatupa na madini yenyewe kwenye pumba, nguruwe wa Nzuguni wana afya kuliko wenye nyumba.

#11 Mama Zawadi
Nguruwe wa Nzuguni 😂😂

Naomba niongeze la jikoni maana wanaume mnaongea kemia na hampiki. Mlenda wetu unawekwa magadi ulainike na uteleze. Magadi yanaua vitamini C na B1 ndani ya sufuria. Na ni sodiamu, mwenye presha anajiongezea mzigo. Pia majani ya mlenda tukiyaanika juani kweupe vitamini A inaondoka na jua, kivulini ni afadhali. Mama mkwe wangu alikasirika nilipompikia bila magadi, akasema nimempikia majani ya ng'ombe. Nikakamulia limau, akanyamaza.

Na chai! Nilipokuwa na mimba ya pili damu ilikuwa 8. Kliniki nikapewa Fefo, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki, nikawa nameza na chai ya rangi asubuhi maana inanitia kichefuchefu. Mwezi mzima damu haijapanda. Nesi mmoja mtu mzima akaniuliza nameza na nini. Kumbe chai inazuia madini ya chuma. Nikaanza kumeza na juisi ya ubuyu, mwezi uliofuata 10.2. Choo kitakuwa cheusi, msiogope.

#12 Zabibu Mbichi
Ubuyu nasikia pia unasaidia... mambo ya ndani. Nauliza kwa ajili ya rafiki.

#13 Mama Zawadi
Mwambie rafiki alale mapema.

#14 Mwana wa Mvumi
Nimeyashika makopo. Kopo la kwanza "mifupa": kalsiamu, magnesiamu, vitamini D. La pili "mishipa": B1, B6 miligramu 50, B12 maikrogramu 10. La tatu "nguvu": vitamini nyingi, B6 tena miligramu 50, seleniamu, zinki. Kila moja kidonge kimoja kutwa mara mbili. Hakuna nembo ya TFDA.

#15 Nesi wa Zamu
Mkuu, simamisha kopo la pili na la tatu leo. Piga hesabu: 50 na 50, mara mbili, ni miligramu 200 za B6 kwa siku. Marekani kiwango cha juu kwa mtu mzima wameweka 100. Ulaya mwaka 2023 wameshusha hadi 12. Na B6 ikizidi kwa muda mrefu inaleta nini? GANZI YA MIGUU NA MIKONO. Yaani mama anatibiwa ganzi kwa kitu ambacho kikizidi kinaleta ganzi. Ataendelea kulalamika, wataendelea kumwongezea dozi.

#16 Mshauri wa Lishe Dom
Vitamini B zote zinayeyuka kwenye maji, zikizidi zinatoka na mkojo. Haiwezekani kuzidi. Hii ni elimu ya msingi.

#17 Nesi wa Zamu
Elimu ya msingi ndiyo hiyo, ya sekondari ni kwamba B6 imetolewa kwenye kanuni hiyo tangu miaka ya themanini walipoonekana watu wanaotembea wakipepesuka kwa kumeza dozi kubwa.

#18 Karani wa Mtumba
Kurekebisha #14: TFDA haipo tena. Tangu 2019 ni TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba. Chakula na vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango. Ukitafuta nembo ya TFDA kwenye kopo la mwaka huu na ukaipata, hapo ndipo uogope.

#19 Kijana wa Kongwa
Vitamini A isidharauliwe. Kwetu Kongwa wazee wengi wamepofuka kwa kukosa vitamini A. Babu yangu mmojawapo.

#20 Nesi wa Zamu
Pole kwa babu. Ila Kongwa ugonjwa uliojulikana zaidi ni vikope, trakoma, nao unaletwa na bakteria: inzi, vumbi, maji ya kunawa hakuna. Kope zinajikunja ndani zinakwaruza jicho mpaka linapofuka. Kukosa vitamini A kunaanza na kutoona gizani, na sana ni watoto. Ndiyo yale matone ya kila miezi sita, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Yale hayauzwi, ni bure. Kama babu alikuwa anang'oa kope kwa kibano, ni vikope.

#21 Kijana wa Kongwa
Alikuwa nacho kibano, kiko kwenye kamba shingoni. Ahsante, sikuwahi kujua.

#22 Mnyaturu wa Mjini
Mimi meno yangu kahawia tangu utoto, Singida. Kuna mtu wa makopo aliniambia ni kukosa kalsiamu, nikala kalsiamu miezi minne. Hamna kitu.

#23 Bwana Shamba Mstaafu
Hayatabadilika. Hiyo ni floraidi ya maji ya kisima, imeingia kwenye jino wakati linajijenga. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Singida, Arusha na kule Kilimanjaro vinapita hapo. Wewe una madini yaliyozidi, ukauziwa ya kuongeza.

#24 Ukoko wa Ugali
Na sisi wa Dodoma mjini kalsiamu tunakunywa bure, angalieni birika zenu. Ule ukoko mweupe ni kalsiamu na magnesiamu. Natafuta mtaji niukwangue niuze kwenye makopo.

#25 Msomaji wa Makole
Nimesoma kimya, sasa nichangie. Naona pande mbili: "ni utapeli" na "ni dawa". Ushahidi wa nchi yetu wenyewe unakataa zote.

Dar es Salaam kuanzia 1995 walifanyiwa utafiti wajawazito 1,078 wenye VVU, wakati ARV hazijafika kwa wananchi. Waliopewa multivitamini za B, C na E walizaa watoto wenye uzito mzuri zaidi na ugonjwa ukachelewa kusonga. Hapo virutubisho vimeshinda. Lakini utafiti huohuo, waliopewa vitamini A waliwaambukiza watoto zaidi. Vitamini ileile tunayoisifu kwa matone ya watoto! Baadaye, ARV zilipokuja, wakajaribu dozi kubwa za multivitamini kwa wanaotumia dawa, faida haikuonekana.

Njoo Pemba. Matokeo ya 2006: watoto wadogo walipewa madini ya chuma na foliki mahali penye malaria nyingi. Waliolazwa na kufa wakawa wengi zaidi kwa waliopewa kuliko wasiopewa, mpaka sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Maelezo mojawapo ni kwamba kimelea cha malaria nacho kinapenda chuma. Waliokuwa na upungufu kweli na wakafuatiliwa malaria, hao walinufaika. Kwa hiyo swali si "chuma ni kizuri?", swali ni kwa nani na ana nini mwilini.

Na Finland, 1994, wavuta sigara walipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, kwa matumaini ya kuzuia saratani ya mapafu. Ikaongezeka.

#26 Mtu wa Bahi
Umesema kwa maneno mengi nilichosema #5. Kula chakula.

#27 Msomaji wa Makole
Hapana mzee wangu. Mjamzito mwenye damu 8 humwambii akale mlenda tu.

#28 Shangazi Mpwapwa
Naungana na #27. Mtoto wa dada yangu alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji Dar. Tukaambiwa foliki asidi inakinga sehemu kubwa ya hayo, ila mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Dada alianza kliniki mwezi wa tano! Fefo alimeza zote kwa uaminifu, kwa mgongo zilikuwa zimechelewa. Ndiyo sababu serikali ikaweka sheria ya kurutubisha unga viwandani, 2011. Sasa niambieni nani Mpwapwa ananunua unga wa kiwandani, wote tunasaga mashineni kwa jirani.

#29 Baba wa Mgonjwa
Tukiwa kwenye foliki. Binti yangu ana selimundu, anameza foliki miligramu 5 kila siku, iko kwenye utaratibu wake. Duka moja la dawa likaniongezea sirapu ya chuma "kwa sababu damu yake ndogo". Daktari wa kliniki alipoona akanifokea mimi. Damu ya mtoto huyu inavunjika, chuma kinabaki mwilini, na akiongezewa damu mara kwa mara kinarundikana. Damu ndogo si lazima iwe chuma kidogo. Nilikaa nao wiki sita huo mchupa.

#30 Fundi Viatu Sabasaba
Mimi kwa ufundi wangu: mama ananunua kandambili za sole nyembamba, anatembea kilometa ngapi kwa siku? Ganzi nyingi nazoziona hapa ni viatu.

#31 Jirani Mwema
Kuwaka moto nyayo usiku ni gesi. Anywe maji ya uvuguvugu.

#32 Mzee wa Chang'ombe
Samahanini wasomi. Ganzi inayoanzia vidoleni ikapanda, kwetu tunasema amekanyaga. Nendeni hospitali, sikatai, lakini na nyumbani waulizwe.

#33 Kisasa Juu
Na mgongo je? Pingili zikibana mshipa mguu unakufa ganzi. Ila huwa ni mguu mmoja.

#34 Nesi wa Zamu
#33 sawa, huwa mguu mmoja, na mama ni yote miwili. #30 usidharauliwe, mgonjwa wa sukari mwenye ganzi akichomwa na mwiba hajui, anakuja kidonda kimeoza. Viatu vya kufunika, na kukagua nyayo kila jioni. #31 hapana.

#35 Mwana wa Mvumi
Mrejesho wadau, samahani nilipotea siku kumi na moja.

Tumeenda hospitali. Sukari ya kufunga 13.8. Daktari kasema sukari haijashikwa, ganzi ni ya sukari, akabadilisha dawa. Nikauliza B12 kama Nesi alivyonielekeza, akaniangalia kidogo kisha akasema ni wazo zuri, ila kipimo hapo hakifanyiki, damu imesafirishwa. Majibu bado. Wingi wa damu 9.6, na akasema seli zake ni kubwa kuliko kawaida.

Makopo mawili nimeyasimamisha. Vijana wa makoti meupe wamehama, namba inapokelewa na mtu anayesema yuko Tabora.

#36 Nesi wa Zamu
Seli kubwa! Hiyo inaelekea kwenye B12 au foliki. Ila daktari naye anaweza kuwa sahihi, sukari 13.8 si ya kuchezea. Vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mguu mmoja. Maziwa arudishiwe, kikombe kimoja hakimuui.

#37 Mshauri wa Lishe Dom
Mmemsimamisha dozi ndiyo maana sukari imepanda.

#38 Ukoko wa Ugali
Sukari ilipimwa asubuhi, dozi ikasimamishwa lini, jana yake? Kaka pumzika.

#39 Mtu wa Bahi
Mimi nasema uwele uoteshwe kwanza, kama alivyosema #10. Hapo nimekubali.

#40 Mwana wa Mvumi
Mama anawasalimu wote, namsomea uzi jioni. Kopo la "mifupa" limeisha, ameliosha anahifadhia mbegu za maboga, anasema mfuniko wake ni mzuri panya hawafungui. Kuhusu #32 amesema anamjua aliyekanyagisha, ni mimi niliyemnunulia zile kandambili.

Ana swali: kuku wake wana mwezi hawatagi. Vidonge vilivyobaki anaweza kuwapondea kwenye pumba?

#41 Zabibu Mbichi
Hapana. Kuku washikishwe kijichuma kwanza.